Mbotela si Jina la Mtaa Tu

Ni ada yetu kuyataja majina ya mitaa kila kukicha pasipo kuuliza yalikotoka. Katika Eastlands ya Nairobi, Mbotela na Ofafa hutajwa mara nyingi kwa siku kuliko majina ya mawaziri. Hata hivyo, nimewakuta wanafunzi wengi waijuao Mbotela kuwa ni nyumba na vituo vya basi, wala hawana habari kwamba alikuwa mtu. Leo nataka kumsimulia mtu huyo.

Tom Mbotela alizaliwa katika ukoo uliotokana na watumwa walioachwa huru. Babu yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa na kukalishwa Frere Town, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyetunga Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa mwaka 1934 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Walimu wa Kiswahili wanaijua nasaba hiyo, hata kama hawakujua kwamba mwana wa mwandishi aliuawa Nairobi.

Nairobi ilipata baraza la manispaa mwaka 1919, na Machi 1950 ikatangazwa kuwa jiji. Waafrika ndio waliokuwa wengi mjini, lakini viti vyao barazani vilikuwa vichache mno, tena vya kuteuliwa. Mbotela alikuwa mmoja wa madiwani hao. Kazi yao ilikuwa ngumu. Nyumba za Kariokor na Shauri Moyo zilikuwa zimejengwa kwa dhana kwamba Mwafrika ni kibarua mpitaji, ambaye mke na watoto wake wako mashambani. Diwani Mwafrika aliweza kusema, lakini hakuweza kuwashinda Wazungu kwa kura. Nje ya baraza, wakazi waliokosa makao walimwuliza maneno yake yamezaa nini.

Mbotela alikuwa pia makamu wa rais wa chama cha KAU, ambacho Jomo Kenyatta alianza kukiongoza mwaka 1947. Aliamini njia ya hoja, maombi na mashauriano. Vijana wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuichoka njia hiyo. Mwaka 1951 Fred Kubai na Bildad Kaggia walilitwaa tawi la Nairobi, na kundi la Mbotela likashindwa.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Kenyatta, Kubai na Kaggia walikamatwa. Mbotela alibaki huru, akaendelea kuipinga Mau Mau hadharani. Tarehe 26 Novemba aliuawa karibu na soko la Burma. Mwaka 1953 diwani mwenzake, Ambrose Ofafa, naye alipigwa risasi. Baraza la jiji likaipa mitaa mipya ya Waafrika majina yao.

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kusimama kidogo. Majina hayo yalitolewa na utawala uliokuwa vitani, ukitaka kuonyesha kwamba adui wa Mwafrika ni Mau Mau, wala si serikali. Heshima ile ilikuwa pia silaha. Kwa sababu hiyo wako wanaomhesabu Mbotela kuwa kibaraka, wakamaliza somo hapo. Mimi siwaungi mkono. Mgala muue na haki yake umpe. Mbotela hakuwa na bunduki, na alikuwa amepigania haki za Waafrika katika chama kile kile walichokitumia waliompinga. Lakini hatuwatendei haki vijana wa mwaka 1952 tukificha kwamba njia yake ilikuwa imefungwa na Wazungu wenyewe, waliowapa Waafrika viti bila ya mamlaka.

Mwaka 1962 Charles Rubia aliapishwa kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Ilikuwa imepita miaka kumi tu. Nani kati ya wale wawili, mwenye hoja au mwenye silaha, aliufungua mlango huo? Walimu wa Eastlands wawaachie wanafunzi wao swali hilo, nao walijadili wakilikumbuka jina la mtaa wanamoishi.