Gibbon na Tundu la Moyo

Hapa Nakuru, na vivyo hivyo huko Njoro, Molo na Subukia, mtu mzima akianza kuhema apandapo kilima kidogo huambiwa kwamba huo ni uzee. Nashikilia kwamba sivyo daima. Wapo watu wanaofikia umri wa miaka 50 wakiwa na tundu katika ukuta unaotenga vyumba vya juu vya moyo, tundu walilozaliwa nalo bila kujua. Kwa ajili yao, nawaomba walimu na wanafunzi wayatafakari maisha ya Daktari John Gibbon.

Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa daktari kijana mjini Boston, alikesha kando ya mwanamke ambaye mshipa wake wa mapafu ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Mgonjwa huyo alipofariki, Gibbon aliazimia kuunda mtambo wa kushika kwa muda kazi ya moyo na mapafu. Wengi walimtilia shaka. Mkewe, Mary, alifanya kazi naye maabarani, na mwaka 1935 wakafaulu kuwadumisha paka hai kwa mtambo huo. Vita Vikuu vya Pili vilimkatiza. Baadaye wahandisi wa kampuni ya IBM wakamsaidia.

Tarehe 6 Mei 1953 aliziba tundu la msichana wa miaka 18, mtambo ukiubeba uhai wake kwa dakika 26. Msichana akapona. Hata hivyo, Julai mwaka huo watoto wawili walifariki, naye Gibbon akaacha kupasua mioyo, akawaachia wengine wauboreshe mtambo wake. Alifariki mwaka 1973, kwa maradhi ya moyo.

Leo watu wazima nao huzibwa tundu la namna hiyo, mara nyingi kwa mrija upitishwao katika mshipa wa paja, kifua kisipasuliwe. Upasuaji wa moyo nao hufanywa hata Tenwek, kule Bomet. Lakini kuchelewa kuna gharama: damu ipitayo tunduni miaka mingi huulemea upande wa kulia wa moyo, na shinikizo la mapafuni likizidi mno, kuliziba tundu huwa hatari kuliko kuliacha.

Basi mwanafunzi amwonapo nyanya yake akitweta, asikimbilie kuulaumu umri. Amsihi akapimwe moyo mapema, maana Gibbon hakutaabika miaka ishirini ili sisi tukae tukingoja.