Gorilla Monsoon: jitu lisilosema ulingoni, lililokuja kuwa sauti ya catch

Mtu wa Kivu akisikia neno gorila, mawazo yake yanaenda mara moja Virunga ao Kahuzi-Biega. Lakini kuko watu waliotazama kaseti za catch ya Marekani za miaka ya 1980 na 1990, na kwao jina hilo linaleta kitu kingine: sauti nzito ya mzee mmoja mnene mwenye miwani, aliyekuwa anatangaza mapambano ya Hulk Hogan, André the Giant na Randy Savage. Mzee huyo njo Gorilla Monsoon. Wengi walijua sauti yake pasipo kujua kwamba yeye mwenyewe alipigana catch zaidi ya miaka 20, na kwamba alipoanza kupata sifa, kazi yake ilimkataza kusema lugha ya watu waliokuja kumtazama.

Mwanafunzi mwenye nguvu

Jina lake la kweli lilikuwa Robert James Marella. Alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka wa 1937 katika mji wa Rochester, jimbo la New York, katika jamaa yenye asili ya Italia. Alikuwa mtoto mkubwa sana wa mwili, na rafiki zake wakampa jina la mchezo la Tiny, maana yake Kadogo.

Alisoma Ithaca College, na huko alicheza futbol ya Kimarekani, alirusha kisahani, na zaidi ya yote alishindana mieleka. Mwaka wa 1959 alifika nafasi ya pili ya wazito katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani nzima. Jambo hilo ni la kukumbuka, sababu mieleka ile ilikuwa ya kweli, si catch. Katika catch wapiganaji wanapatana mbele nani atashinda, hata kama kuanguka kunaumiza kweli na mifupa inavunjika kweli. Marella alijua pande zote mbili, na ujuzi huo ulimsaidia mingi alipokuja kushika mikro.

Mwaka huohuo wa 1959 akaingia katika catch kwa jina la Gino Marella. Alikuwa anajionyesha kama kijana mwema, mtoto wa Waitalia, na mbele ya kupigana alikuwa anaimba kwa Kiitaliano. Watu walimpenda kiasi. Lakini katika kazi ile, kupendwa kiasi hakujazi ukumbi.

Bongo ya Manchuria

Mwaka wa 1963 wakamgeuza. Gino akafa, akazaliwa Gorilla Monsoon: jitu lenye ndevu, kilo karibu 182, wakisema limetoka Manchuria, kaskazini-mashariki ya China. Manajeri wake Bobby Davis ndiye alikuwa anamsemea. Wakasambaza hadithi kwamba manajeri huyo alimkuta anaoga uchi katika mto wa mlimani, kwamba alikuwa anapigana na dubu, anakula nyama mbichi na kunywa damu. Kingereza eti hakijui hata kidogo.

Yote ilikuwa bongo. Lakini ilikuwa bongo iliyojua watu wake: Wamarekani wa wakati ule walikuwa wanaiogopa China, na waandaaji wa catch walikuwa wanachuma franga juu ya woga huo. Marella akakubali kufunga mdomo. Kijana aliyesoma chuo kikuu akawa anatoka mbele ya watu akinguruma kama mnyama.

Adui wake mkubwa alikuwa Bruno Sammartino, aliyeshika mkanda wa ushampioni mwezi wa 5 mwaka wa 1963. Sammartino alizaliwa Italia, akafika Marekani akiwa kijana, na Waitalia wa New York walikuwa wanajaa Madison Square Garden juu yake. Walimzomea Monsoon kwa roho yote. Wachache tu walijua kwamba yule mshenzi wa Manchuria alikuwa ndugu yao, na kwamba angeweza kuwaimbia kwa lugha ya wazazi wao. Wapenzi wa catch ya zamani wanaweka mapambano hayo kati ya mazuri ya wakati ule, na sababu yenyewe ni nyepesi: Sammartino alikuwa mtu wa nguvu za ajabu, na kila mtu alitaka kuona kama ataweza kuinua mlima ule. Mwisho wa mwaka wa 1963 Monsoon alishika pia mkanda wa wawili-wawili pamoja na Killer Kowalski.

Mwaka wa 1969 hadithi ikageuka. Sammartino akamwokoa Monsoon alipokuwa anapigwa na The Sheik, na kuanzia pale jitu likawa upande wa wema. Watu waliomzomea miaka 6 wakaanza kumpigia makofi.

Siku aliyomwinua Muhammad Ali

Mwanzoni mwa mwezi wa 6 mwaka wa 1976, katika mji wa Philadelphia, Monsoon alikuwa anapigana na Baron Mikel Scicluna. Muhammad Ali alikuwa ukumbini. Hata miaka 2 ilikuwa haijapita tangu ampige George Foreman pale Kinshasa, na alikuwa bado shampioni wa dunia. Ali akapanda ulingoni, akavua shati, akaanza kurusha ngumi za kuchokoza. Monsoon akamkamata, akamweka mabegani, akamzungusha sawa panga za feni, kisha akambwaga chini. Ali akatoka akiyumba.

Yote ilikuwa imepangwa. Siku chache mbele, tarehe 26 mwezi uleule, Ali alikuwa na pambano Tokyo na mpiganaji wa Japani Antonio Inoki, na walihitaji kelele. Shabiki wa kweli anaweza kuuliza: sasa pambano zuri lilikuwa lipi? Lile la Tokyo lilienda raundi 15, Inoki amelala chini anapiga miguu ya Ali, na watazamaji wakachukia. Lile la Philadelphia lilikuwa la dakika chache tu, lakini mpaka leo watu wanalitafuta na kulitazama. Monsoon alijua kitu ambacho wapangaji wa Tokyo hawakujua: mtu akitoa franga yake, anataka hadithi anayoweza kuielewa kwa macho.

Akapigana mpaka mwaka wa 1980. Wakati huo alikuwa pia na sehemu katika kampuni yenyewe ya catch, pamoja na Vince McMahon mzee na wengine. Mwaka wa 1982 wakaiuzia mtoto wa McMahon, Vince mdogo, na Monsoon akabaki na kazi. Kazi hiyo ilikuwa kusema.

Mdomo ulipofunguliwa

Mtu aliyekatazwa lugha akawa sauti ya kampuni nzima. Alitangaza WrestleMania ya kwanza tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka wa 1985, ambapo Ali alirudi kama mmoja wa waamuzi, na aliendelea kutangaza WrestleMania zote mpaka ya 8, mwaka wa 1992.

Namna yake ilikuwa hii. Yeye alitetea sheria na watu wema. Pembeni yake alikaa mtetezi wa waovu: kwanza Jesse Ventura, kisha Bobby Heenan. Mwovu akivuta nywele, Monsoon analia juu ya mwamuzi asiyeona. Heenan anajibu kwamba hakuona kitu. Walikuwa sawa wazee wawili wanaobishana mbele ya kibanda. Na mtu akigongwa kisogo, Monsoon hakusema kisogo: alitaja mfupa kwa jina la kidaktari. Watoto waliojifunza majina hayo kwake ni wengi kuliko waliojifunza kwa mwalimu.

Si wote walimpenda. Waandishi fulani wa habari za catch walimweka kati ya watangazaji wabaya kabisa, juu ya maneno yaleyale aliyorudia kila juma. Hawakukosea yote. Lakini maneno yanayorudiwa njo yanamfanya msikilizaji ajisikie nyumbani, na kila mtu wa redio anajua hivyo.

Baba ku mikro, mtoto ulingoni

Pambano linalojulikana zaidi kati ya yote aliyotangaza ni la tarehe 29 mwezi wa 3 mwaka wa 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan: Hulk Hogan na André the Giant. Kampuni ilitangaza watu 93 173. Wengine wanasema hesabu hiyo iliongezwa, lakini uwanja ulijaa.

Kwa ufundi, pambano zuri la siku ile lilikuwa lingine. Randy Savage na Ricky Steamboat walipigana karibu dakika 15 pasipo kupumzika, wakiendeleza hadithi ya koo la Steamboat ambalo Savage alikuwa ameliumiza. Wajuzi wengi wanaliweka juu. Pambano la Hogan na André lilikuwa zito na la polepole, sababu André alikuwa mgonjwa wa mgongo na hakuweza kutembea vizuri. Lakini watu walilishika moyoni, na Monsoon ana sehemu kubwa katika jambo hilo. Yeye na Ventura walirudia kwamba André hajashindwa miaka 15 na kwamba hakuna mtu aliyeweza kumwinua na kumbwaga. Haikuwa kweli: Hogan mwenyewe alishamwinua mwaka wa 1980, katika uwanja wa Shea Stadium. Monsoon aliyajua hayo yote. Alisema vile ili Hogan akimwinua, dunia ione kitu kinachotokea mara ya kwanza. Na ikawa vile.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo watazamaji wengi hawakulijua. Mwamuzi wa pambano lile, kijana mwembamba kati ya majitu wawili, alikuwa Joey Marella, mtoto wa Monsoon. Mwanzoni kabisa André alimlalia Hogan, Joey akahesabu, na ikabaki kidogo sana afike tatu. Ubishi juu ya hesabu ile njo ulijenga hadithi ya miezi iliyofuata. Baba alikuwa anaeleza mamilioni ya watu kazi ya mtoto wake, pasipo kusema kwamba ni wake. Mtu mwingine angesema. Yeye alilinda pambano, na alilinda heshima ya kijana, asionekane kuwa amepewa nafasi kwa jina la baba.

Kazi yake nyingine inayosifiwa ni Royal Rumble ya mwezi wa kwanza mwaka wa 1992, huko Albany. Ric Flair aliingia wa tatu kati ya watu 30 na akabaki ulingoni karibu saa nzima. Heenan alimwombea, akalia, akakata tamaa, akafufuka. Monsoon alimwacha rafiki yake achukue nafasi yote, akimchokoza kidogo tu kila mara moto ulipopungua. Kumwachia mwenzako mikro ni kazi pia, na si watangazaji wengi wanaoiweza.

Miaka ya mwisho

Mwezi wa 12 mwaka wa 1993 Heenan aliiacha kampuni. Mbele ya kamera Monsoon alimfukuza na kutupa mizigo yake njiani, watu wakacheka. Heenan alieleza baadaye kwamba kiisha mchezo ule, wawili hao walikumbatiana hotelini wakalia kwa muda mrefu.

Tarehe 9 mwezi wa 6 mwaka wa 1994 Monsoon aliingizwa katika orodha ya heshima ya kampuni. Hata mwezi haukutimia. Tarehe 4 mwezi wa 7, Joey alikuwa anarudi usiku kutoka kazini huko Ocean City, Maryland. Alisinzia akiendesha gari kwenye barabara kubwa ya New Jersey, akafa palepale kazi ilipokuwa imemchosha. Watu waliomjua baba wanasema hakuwa tena mtu yuleyule. Alirudi kwenye televisheni, mwaka wa 1995 wakampa hata nafasi ya prezidenti wa kampuni katika hadithi, lakini sukari na moyo vilikuwa vinamla.

Mara ya mwisho watu kumwona ilikuwa WrestleMania ya tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka wa 1999, katika mji uleule wa Philadelphia. Alikaa kama mmoja wa wahukumu wa pambano la ngumi, amekonda hata wengine hawakumtambua upesi. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Alikufa tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka huo, nyumbani kwake Willingboro, New Jersey, akiwa na miaka 62. Alizikwa kando ya Joey.

Heenan, aliyekuwa wakati ule katika kampuni ya washindani, alizungumza juu ya rafiki yake hewani, ingawa kwa desturi ya kazi jina la mtu wa upande wa pili halitajwi. Na mwaka wa 2004, alipopewa heshima yake mwenyewe, alimaliza kwa kusema kwamba kitu kimoja tu kilikosekana siku ile: Monsoon kuwa pale.

Jina lake linaendelea kutajwa kila juma na vijana wasiojua sauti yake. Nyuma ya pazia, hatua chache mbele ya mpiganaji kutokea kwa watu, kuko mahali padogo ambapo Monsoon alikuwa anapenda kusimama, akisikiliza vile ukumbi unavyopokea kila mtu. Mpaka leo wapiganaji wa catch wanapaita nafasi ya Gorilla.