Bi. Tiny Broadwick: mwanamke wa kwanza kuruka kutoka ndege

Mtu akitaja parachuti, wengi wetu twafikiria askari wa jeshi wakimwagika angani kama sufi iliyopasuka mtini, au wale wageni waonekanao huko Diani wakiteremka polepole hadi mchangani. Ni wachache mno watakaomfikiria msichana aliyekuwa na kimo cha mtoto wa shule, amevishwa gauni la marinda na kofia ya kitoto, akining'inia chini ya puto lililojaa moshi. Na hali msichana huyo ndiye mwanamke wa kwanza duniani kuruka na parachuti kutoka ndege, na maisha yake yatuonyesha jinsi mchezo huu ulivyohama kutoka chombo kimoja hadi kingine, kila chombo kikidai ujuzi wake na kikitoza gharama yake.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1893 katika wilaya ya Granville, jimbo la North Carolina, Marekani. Jina lake la nyumbani lilikuwa Georgia Ann Thompson. Alikuja ulimwenguni na uzito wa ratili tatu tu, na kwa hivyo akaitwa Tiny, yaani Kadogo. Jina hilo halikumtoka tena. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilipita futi nne kwa kidogo tu, na uzito wake haukuzidi sana ratili 85. Kumbuka vipimo hivi, msomaji, maana ndivyo vilivyomtilia chakula mkononi.

Nyumba yao ilikuwa ya shida. Aliozwa akiwa na miaka 12, akazaa mtoto wa kike akiwa na miaka 13, na mume hakudumu naye. Akawa kibarua katika kiwanda cha pamba mjini Henderson. Viwanda vya pamba vya kusini mwa Marekani siku hizo vilijaa wanawake na watoto, kelele za mashine na vumbi la nyuzi lililoingia kifuani, na ujira wake ulikuwa mdogo. Binti wa kiwandani mwenye mtoto mgongoni hakuwa na mengi ya kutazamia ila kuzeeka papo hapo penye mashine.

Basi ikatokea tamasha ya jimbo mjini Raleigh, nayo ilikuwa na kundi la Charles Broadwick, mzee wa maputo. Tiny akaona mtu akipaa angani na puto, kisha akajitupa na kuteremka na mwavuli wa hariri. Hakutaka tena kurudi kiwandani. Alimwendea Broadwick akaomba kazi. Broadwick alimwangalia binti huyo mwepesi kama unyoya akaona faida: puto lampandisha mtu mwepesi juu zaidi, na watu wangelipa kumtazama. Mamake Tiny alikubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba binti atume pesa nyumbani za kumlea mjukuu, ambaye alibaki kwa nyanyake. Broadwick akamchukua kama mwanawe, akampa jina la ukoo wake. Huenda mama wa kwetu angeliuliza maswali zaidi kabla ya kumtoa binti afuatane na watu wa maonyesho, lakini mama wa kiwandani alikuwa na tumbo la mjukuu la kujaza. Mwaka 1908, Tiny akiwa na miaka 15, aliruka kwa mara ya kwanza.

Inafaa tueleze puto lile lilikuwaje, kwani halikuwa kama haya ya kitajiri ya siku hizi yabebayo watalii na kapu lao huko Maasai Mara. Walichimba shimo wakawasha moto mkubwa, na moshi na joto vikapelekwa kwenye mdomo wa mfuko mkubwa wa kitambaa. Watu wengi waliushika mfuko huo usiondoke kabla ya wakati. Hapakuwa na kapu. Chini ya puto palifungwa kibao au ufito uliopitishwa kamba mbili, mfano wa pembea zifungwazo viwanjani siku za Idd. Tiny alikaa juu ya pembea hiyo, parachuti ikining'inia juu yake imefungwa kwa uzi usio na nguvu nyingi. Neno lilipotolewa, watu waliachilia kamba, na puto likafyatuka juu kama mpira uliozamishwa majini ukaachiliwa.

Likifika juu, moshi huanza kupoa na puto huanza kulegea. Hapo hapana kungoja. Mrukaji hujitupa, uzito wake huvuta parachuti hadi ule uzi ukakatika, na mwavuli hujaa hewa. Sifa kubwa ya puto ni utulivu wake. Halina mashine, halina mkia wa kumkwaruza mtu, wala halikimbii mbele, maana husafiri pamoja na upepo wenyewe. Ukijitupa huanguka moja kwa moja chini. Aibu yake ni hiyo hiyo moja: halina usukani. Upepo ukiamua kukupeleka penye miti utakwenda penye miti. Na moto unaolizaa waweza pia kuliteketeza.

Tiny aliyaonja yote hayo. Katika miaka ile alipata kutua juu ya behewa la mwisho la gari la moshi, alinaswa kwenye kinu cha upepo, na aliangukia nyaya za umeme. Alivunjika mifupa na kuteguka bega. Watazamaji hawakuyajua hayo, wao walionyeshwa kidosho. Broadwick alimtangaza kama msichana mwanasesere, akamvisha marinda, kofia na nywele za mikunjo kama kitoto cha nyumbani. Mwenyewe hakuyapenda mavazi hayo, na nadhani alikuwa na haki, kwani alikuwa mama wa mtoto anayefanya kazi ya hatari kuliko za wanaume wengi uwanjani pale. Lakini mavazi ndiyo yaliyouza tiketi.

Kufikia mwaka 1912 mambo yalikuwa yamegeuka. Watu walianza kuyachoka maputo. Ndege ilikuwa imeingia, ikinguruma na kutoa moshi, na kila mtu alitaka kuiona. Tarehe 1 Machi mwaka huo, karibu na mji wa St. Louis, Albert Berry aliruka kutoka ndege iliyorushwa na Tony Jannus, akateremka salama. Mlango ukawa umefunguliwa. Mwezi wa Januari 1912 Tiny alikuwa kwenye maonyesho ya Los Angeles akiruka kutoka puto lake, na Glenn Martin, mtengenezaji wa ndege, akamwona. Martin akataka msichana yule aruke kutoka ndege yake.

Hapa ndipo ujuzi wa zamani ulipokuwa haba. Ndege haiwezi kusimama hewani ikakungoja. Yaenda mbio, nayo ikisimama huanguka. Ina mabawa, waya za kuyakaza mabawa, na mkia nyuma ambao unaweza kumnasa mrukaji au kuchana mwavuli wake. Tena mtu akitoka ghafla uzani wa ndege hubadilika, na ndege za siku hizo zilikuwa vitu vya mbao na kitambaa visivyostahimili mchezo. Ni hapo ratili 85 za Tiny zilipopata thamani mpya. Aliyempaisha puto juu sana ndiye pia ambaye ndege isingelitikisika mno akitoka.

Broadwick alikuwa tayari na dawa ya parachuti. Badala ya kuining'iniza, aliikunja ndani ya mfuko wa turubai uliovaliwa mgongoni kama koti, na kamba ikafungwa kwenye ndege ili mrukaji akianguka kamba ivute mfuko ufunguke. Lakini siku ya kwanza ya Tiny ilikuwa na mpango mwingine. Tarehe 21 Juni 1913, juu ya Griffith Park mjini Los Angeles, alikaa nje kwenye kiti kidogo nyuma ya bawa, parachuti ikiwa imewekwa kwenye kirafu juu yake. Martin akapandisha ndege hadi kiasi cha futi 2,000. Tiny akavuta kipini kilichokuwa kando yake, kiti kikafunguka chini yake, naye akadondoka. Kamba iliyofungwa ndegeni ikavuta kifuniko cha mwavuli, kisha ikakatika. Akatua salama, na hivyo akawa mwanamke wa kwanza kufanya jambo hilo.

Baada ya hapo aliruka pia kutoka ndege ya majini, ile iliyo na mashua badala ya magurudumu, akatua ndani ya maji ya Ziwa Michigan. Wavuvi wetu watafahamu hatari yake. Kitambaa kikubwa cha hariri kikilowa majini huwa kama nyavu, na mwenye kufungwa nacho asipojinasua upesi huzama akiwa karibu na chombo cha kumwokoa.

Mwaka 1914 alipelekwa San Diego kuwaonyesha wakuu wa jeshi la Marekani kwamba rubani aweza kuokoka ndege yake ikiharibika. Aliruka mara kadhaa kwa kamba iliyofungwa ndegeni, na mambo yakaenda vyema. Yasimuliwa kwamba katika ruko moja kamba ile ilijisokota kwenye mkia wa ndege, naye akapigwapigwa na upepo huku na huko, hawezi kurudi ndani wala kuanguka. Aliikata kamba, akabakisha kipande kifupi, akaanguka bila ya kuvutwa na kitu. Kisha akakivuta kipande kile kwa mkono wake mwenyewe, na mwavuli ukafunguka. Kwa hivyo hutajwa kuwa wa kwanza kujifungulia parachuti angani, bila ya kamba ya ndegeni.

Ungetarajia kwamba baada ya hayo kila rubani angelipewa parachuti. Haikuwa hivyo. Marekani ilipoingia katika vita vya Ulaya mwaka 1917, askari waliokaa kwenye maputo kuchungulia adui walikuwa na parachuti, lakini marubani wa ndege wa Marekani walipigana bila nazo hadi vita vilipokwisha 1918. Wengi waliungua ndani ya ndege zao. Walioamua hayo waliona kwamba puto ndilo la kurukia na ndege ni ya kushikilia usukani hadi mwisho. Jambo hili halina udhuru mzuri, kwani ushahidi waliletewa San Diego na msichana mmoja, wakauona kwa macho yao. Ni tarehe 28 Aprili 1919 tu, katika kiwanja cha McCook jimboni Ohio, ambapo Leslie Irvin alijaribu mbele ya jeshi parachuti ya kufungua kwa mkono, na baada ya hapo ikaanza kuenea.

Wapenda mchezo huu hata leo hawajaacha kubishana juu ya chombo cha kurukia. Vilabu vidogo hutumia Cessna 182, ndege ya injini moja iliyotolewa viti, ambamo warukaji wanne hukaa sakafuni wamebanana kama dagaa. Ni rahisi kuimudu, lakini hupanda polepole. Wenye kutaka kuruka makundi makubwa huisifu Twin Otter yenye injini mbili, ambayo huwabeba watu wapatao 20 na ina mlango mpana ubavuni. Wengine hawataki kitu ila Skyvan, ndege yenye umbo la kasha la chai, kwa sababu hufunguka nyuma na watu hutoka wakitembea, mkia ukiwa juu yao. Na wapo wanaorudi kwenye puto lile lile la kale. Akitoka ndegeni mtu hukutana na upepo mkali papo hapo, nao humbeba na kumpa kitu cha kuegemea. Akitoka kwenye puto hakuna upepo, ni kimya, na kwa muda fulani tumbo humpanda kooni kabla mwendo haujakolea. Wengi wao huifanya siku hiyo kuwa kama sikukuu. Tiny aliifanya kila juma, kwa ajili ya mkate.

Yeye aliacha kuruka mwaka 1922, baada ya maruko zaidi ya 1,100. Vifundo vya miguu vilikuwa vimechoka. Alikuwa hajatimiza miaka 30, ameolewa zaidi ya mara moja na ndoa hazikusimama, na umaarufu wake haukumwachia mali. Akarudi kule alikokimbia, yaani kiwandani, safari hii kwenye kiwanda cha magurudumu ya motokaa, na baadaye akafanya kazi ya kuwatunza vikongwe majumbani mwao. Waliokuwa naye kazini huenda hawakujua ni nani.

Uzeeni watu wa mambo ya ndege walimkumbuka. Alialikwa kwenye karamu za wakongwe wa anga, na askari waruka-parachuti, vijana warefu mara moja na nusu kuliko yeye, walimpokea kama mama yao. Mwaka 1964 alitoa parachuti yake ya hariri kwa jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Alifariki California mwaka 1978, akiwa na miaka 85. Mwili wake ulisafirishwa kwa maziko hadi Henderson, mji ule ule wa kiwanda cha pamba.