Kinyozi Aliyeacha Mkasi Akashika Pamba

Ukifika Busia na Malaba, upande wetu wa mpaka, utawakuta vinyozi na wasusi, na pamba hulimwa huko huko. Vitu hivyo viwili vilikutana zamani katika maisha ya Richard Arkwright.

Alizaliwa Preston, Uingereza, mwaka 1732, mtoto wa mshona nguo maskini. Alijifunza unyozi, akafungua duka Bolton, akawa anazunguka vijijini kununua nywele za wanawake za kutengenezea mawigi. Mawigi yalipoanza kupitwa na wakati, hakukaa akilia. Alimshika fundi saa, John Kay, na mwaka 1769 akapata hataza ya mashine ya kusokota uzi wa pamba. Mwaka 1771 akaanzisha kiwanda Cromford, kikiendeshwa kwa nguvu za maji. Mwaka 1785 mahakama ilimfutia hataza, lakini alifariki mwaka 1792 akiwa tajiri mkubwa.

Tusimsifu kupita kiasi, kwani watoto wadogo walitumikishwa viwandani mwake. Ila dada msusi unayetaka kubadili kazi, kumbuka hili: safari za kutafuta nywele ndizo zilizomkutanisha na wasokotaji na wafumaji. Kazi ya kwanza haitupwi, hubebwa.