Franco Luambo, kibarua wa studio



Sisi wa mwaka wa sita tuko karibu kumaliza, na kila jioni uani tunasikia ulizo moja tu: kazi tutaipata wapi? Wengine kati yetu wanasema heri kukaa bure kuliko kufanya kibarua. Juu ya maneno hayo tumechagua kuwaelezea maisha ya François Luambo Makiadi, yule Congo nzima ilimwita Franco. Kuna watakaouliza: mpiga muziki wa baa anaingia namna gani katika gazeti letu? Tunawaomba wasome mpaka mwisho.

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 kule Sona-Bata, akakomea Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, akafa mwaka 1949. Masomo ya mtoto hayakuendelea sana. Mama yake aliuza mandazi katika soko la Ngiri-Ngiri kusudi watoto wale. Yeye mtoto alijitengenezea gitari ya bati na nyuzi za waya wa umeme, akawa anaipiga karibu na meza ya mama, na wanunuzi wanasimama kumsikiliza. Nyuma yake Paul Ebengo, waliyemwita Dewayon, akamfundisha na kumwingiza katika kundi lake, Watam.

Wakati ule studio za mji zilikuwa za wafanyabiashara, na wengi wao ni Wagiriki. Ngoma ilianza 1948, Loningisa ikafuata 1950. Patroni ndiye mwenye mashine, mikro na vyombo, sababu vijana wengi hawakuwa na gitari ya kwao. Mwimbaji anafika na wimbo wake, kundi la studio linamsindikiza. Upande mmoja wa diski ulibeba dakika tatu hivi, basi hakuna nafasi ya kutangatanga. Aliyetaka kibarua hiki ilimpasa kushika upesi wimbo wa mwenzake, kuupiga bila kukosea, na kujua kunyamaza wakati si zamu yake. Na kabla ya hayo yote ilimpasa kupata mtu wa ndani wa kumsikiliza.

Kwa Franco, mtu huyo alikuwa Henri Bowane, mpiga gitari aliyeongoza kazi ya muziki pale Loningisa, studio ya Basile Papadimitriou. Mwaka 1953 alimsikiliza yule kijana wa miaka 15, akamkubali, na yeye ndiye alimpa jina la Franco. Kijana akatia sahihi kontrati ya miaka 10. Miaka 10, ndugu zetu! Alipata gitari ya kweli na franga za kumsaidia mama, lakini faida kubwa ya diski ilibaki kwa patroni. Hapa sisi tunaosoma tujifunze: karatasi ya kazi, usome mbele ya kutia sahihi.

Hata vile Franco hakudharau ile kazi. Alisindikiza nyimbo za wengine, akajifunza kwa kila mmoja. Na ni mule studio alimokutana na wenzake: Essous wa klarineti, aliyetoka Brazzaville, Vicky Longomba mwimbaji, na wengine. Tarehe 6 Juni 1956 hao vibarua wa studio walianzisha orkestra yao katika baa ya Oscar Kassien, ambaye alikuwa na vyombo pia. Waliiita OK Jazz. Baadaye wengine walihamia studio Esengo, lakini Franco alibaki. Katika miaka ya 1980 orkestra ile ilipita watu 30, na wengi walilisha jamaa zao kwa kazi hiyo.

Hatumsifu kwa yote. Mwaka 1978 alifungwa gerezani juu ya nyimbo za matusi, na sisi hatuwezi kuzitetea. Lakini mwaka 1987, wakati wengi waliona haya kuutaja SIDA, yeye alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya ugonjwa ule. Alikufa Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na nchi ikafanya kilio siku nne.

Basi, wenzetu, kama kesho mtu anakuita kwa kazi ya siku moja, iwe kusaidia fundi, kunakili barua au kupiga gitari, usikatae juu ya cheti chako. Fika kwa saa, fanya vizuri, tazama nani anafanya pamoja nawe. Labda mtakaofungua kazi yenu wenyewe ni ninyi hao.