Bertha Benz, mama mwenye alitia ngozi kwenye freni

Sisi wa mugodi tunajua: motokari yenye kushindwa kupanda inakawisha kazi tu, lakini ile yenye kushindwa kusimama inaua watu. Bertha Benz aliona hayo mapema, na hakuwa injeniere.

Alizaliwa Pforzheim, Ujerumani, mwaka wa 1849. Mbele ya kuolewa na Carl Benz mwaka wa 1872, mali yenye wazazi walimuwekea kwa ndoa ilitolewa ili Carl amulipe mwenzake wa biashara, atelie ibakie yake. (Kwetu mwanaume ndiye analipa; kule ilitoka kwa baba ya binti.) Mule ndani motokari ya magurudumu matatu ikazaliwa, lakini breveti ya mwaka wa 1886 ikaandikwa kwa jina la Carl peke yake.

Wanunuzi walikuwa wachache. Watu hawakuamini kile chombo. Mwezi wa 8, mwaka wa 1888, asubuhi sana, Bertha akakamata motokari bila kumuambia bwana yake, akapandisha watoto wao Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake. Zaidi ya kilometa 100, kwenye njia za magari ya farasi!

Esansi ilipoisha, wakanunua ligroini, dawa ya kusafishia nguo, kwenye farmasi ya Wiesloch. Mupira wa mafuta ulipoziba, akauzibua na pini ya kofia yake. Kwenye milima watoto walishuka wakasukuma. Lakini matata kabisa ilikuwa muteremko. Freni ilikuwa ya mbao. Ilipokamata, mbao ilisuguliwa, ikaanza kwisha. Kufika Bauschlott, Bertha akaita fundi wa viatu, akamuomba apigilie ngozi juu ya ile mbao. Ngozi ikakamata vizuri, na ikiisha unaweka ingine. Plaketi yenye mekanisie anabadilisha leo inafanya kazi ile ile.

Jioni walifika, akamupelekea Carl telegramu. Aliporudia nyumbani alimueleza yote, hata milima, na Carl akaongeza vitesi ya kupandia. Hapo tunamusifu Carl pia: wakubwa wengi hawasikilizi mwenye kutoka njiani na mikono michafu.

Siku Bertha alitimiza miaka 95, mwezi wa 5, 1944, shule kubwa ya Karlsruhe, kwenye bwana yake alisomea, ilimupa cheo cha heshima. Siku mbili kisha, alifariki kule Ladenburg.