Karib'il Watar, mtawala aliyeandika kwenda na kurudi

Atokaye Wajir kwa njia ya Mandera hupitia Tarbaj. Mtoto wa Kisomali akuaye katika mji kama huo hujifunza njia mbili za kuendesha kalamu. Akiwa duksi, ambayo sisi wa pwani twaiita chuo, huandika juu ya ubao kwa wino wa makaa, akianzia kulia. Akenda shule hufungua daftari akaanzia kushoto. Hata Kisomali chenyewe, tangu kilipopewa rasmi herufi za Kilatini huko Somalia mwaka 1972, huandikwa kutoka kushoto. Watoto wetu wa Lamu na Mombasa nao mambo yao ni hayo hayo, wala hawachanganyikiwi, maana kila njia ina kitabu chake.

Lakini je, ndugu msomaji, mtoto akichanganya njia zote mbili katika ukurasa mmoja? Mstari wa kwanza aanzie kulia, akifika mwisho asirudi mwanzo bali ageuze pale pale, mstari wa pili aulete kutoka kushoto, na wa tatu augeuze tena. Mwalimu wa leo angemwita mtundu. Hata hivyo, miaka ipatayo 2,700 iliyopita, ng'ambo ya bahari yetu katika nchi ya Yemen, huo ndio uliokuwa mwandiko wa heshima, na ndio uliotumika kuandika mambo ya mtu mkubwa kuliko wote wa zama zake. Mtu huyo ni Karib'il Watar bin Dhamar'ali, mtawala wa Saba.

Jina la Saba si geni kwetu. Tunalisoma katika Surat an-Naml, katika kisa cha Nabii Suleiman na yule malkia ambaye wapokezi humwita Bilqis, na iko sura nzima yenye jina hilo. Karib'il lakini si wa zama za Bilqis. Yeye alitawala mwanzoni mwa karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, yaani miaka kama 250 baada ya Nabii Suleiman. Watu wake walikuwa wamekwisha kurejea katika kuabudu masanamu, na mungu wao mkubwa wakimwita Almaqah.

Makao yake yalikuwa Ma'rib, mji ulioishi kwa maji ya mvua za milimani na kwa biashara ya ubani. Cheo chake kilikuwa mukarrib, nacho kilikuwa juu ya ufalme wa kawaida, maana wafalme wengine wa Yemen walikuwa chini yake au walitakiwa wawe chini yake. Mambo ya utoto wake hayakuandikwa. Tunachokijua kimetoka zaidi katika jiwe refu lililowekwa katika hekalu la Almaqah mjini Sirwah, magharibi ya Ma'rib. Upande mmoja wa jiwe umejaa vita vyake, na upande wa pili miji aliyoitwaa na kuijenga, na mashamba na maji aliyoyamiliki.

Jiwe hilo limechorwa kwa herufi za musnad, ambazo ni 29. Ni herufi zilizonyooka, kama zimepimwa kwa rula, na kati ya neno na neno husimama kijiti kimoja. Mstari ukigeuka, herufi nazo hugeuka uso zikatazama uendako. Wayunani, ambao zamani waliandika vivyo hivyo, waliufananisha mwandiko huo na mwendo wa ng'ombe wa kulimia, ambaye akifika mwisho wa shamba hugeuka akarudi na mfuo wa pili. Nadhani mwenye kulisoma jiwe refu kwa kutembea aliona raha, kwani hakuwa na haja ya kurudi mbio mwanzoni kila mstari ulipokwisha.

Yaliyoandikwa, lakini, hayana raha. Karib'il alipigana vita vinane, na kikubwa kilikuwa cha Ausan, ufalme wa bonde la Markha uliokuwa na nguvu upande wa kusini na uliokuwa umenyakua ardhi za Qataban na Hadhramaut. Alifanya urafiki na wafalme wa nchi hizo mbili, kisha akaishukia Ausan na mfalme wake Muratta'. Jiwe lataja watu 16,000 waliouawa na mateka 40,000. Hesabu za wafalme washindi huwa na chumvi, lakini hata tukizigawa mara mbili, msiba ni msiba. Baada ya hapo aliwarudishia marafiki zake ardhi zao.

Kisha alifanya jambo ambalo mimi huliona zito kuliko kuchoma miji. Aliamuru maandishi yaliyokuwa katika jumba la Muratta', na yale ya katika mahekalu ya Ausan, yaondolewe. Mtu aliyejua vema thamani ya kuandika alitaka mwenziwe asibaki na hata mstari mmoja.

Baadaye alielekea kaskazini, bonde la Jawf, akauzingira mji wa Nashshan miaka mitatu. Mfalme wake, Sumhuyafa', aliposhindwa, jumba lake lilibomolewa, na ndani ya mji wake akalazimishwa kujenga hekalu la Almaqah na kuwapokea watu wa Saba waishi humo. Sifa za Karib'il zilifika mbali. Sennacherib, mfalme wa Ashuru katika nchi ya Iraki ya leo, aliandika kwamba alipoweka msingi wa nyumba moja ya ibada alipokea zawadi za vito na manukato kutoka kwa Karibilu, mfalme wa Saba. Hiyo ilikuwa kama mwaka 685 kabla ya Nabii Isa, na kwa tarehe hiyo wataalamu wamepata pa kumweka Karib'il katika hesabu ya miaka.

Mwandiko wa kwenda na kurudi haukudumu. Karne mbili hivi baada yake watu wa Yemen waliuacha, wakashika njia moja ya kutoka kulia. Ndugu zao wa maandishi, Wahabeshi, ambao herufi zao za Ge'ez zina asili moja na musnad, walichagua kushoto. (Wako wanaodhani herufi zetu za Kiarabu zilitoka kwa musnad. La, hizo zimetoka kwa Wanabati wa kaskazini.)

Na Ausan je? Iliinuka tena baadaye ikawa na wafalme. Isitoshe, katika karne ya 1 baada ya Nabii Isa, baharia mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za bahari hii alieleza pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya kuvitaja visiwa ambavyo wengi huvidhania kuwa ni vya Lamu, aliiita pwani iliyofuata kwenda kusini pwani ya Ausan. Wataalamu wengi huona jina hilo ni la ufalme ule ule, ingawa hawajakubaliana kama ni wa zama za Muratta' au ule uliofufuka. Kwa hiyo neno ambalo Karib'il alitaka lifutwe kuta zote lilikuwa bado midomoni mwa mabaharia, huku kwetu, zaidi ya miaka 700 baadaye.

Jiwe lake nalo halikupotea. Mmisri Ahmed Fakhry alilipiga picha Sirwah mwaka 1947, na baada yake Wajerumani walifukua hekalu kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Sirwah na Ma'rib ziliingizwa pamoja katika orodha ya urithi wa dunia, na siku hiyo hiyo zikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa sababu ya vita vya Yemen.